Kuja au Kwenda? Zamunda Mara ya Pili

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu, katika somo la Tafsiri na Ukalimani, zoezi nililoliona dogo: wafasiri jina la filamu Coming to America. Nilidhani lingechukua dakika tano kabla hatujaingia katika mada ya siku hiyo. Lilimaliza kipindi kizima. Nusu ya darasa waliandika "Kuja Marekani", nusu wakaandika "Kwenda Marekani", na mmoja aliyekaa nyuma kabisa akaandika "Safari ya Marekani" ili, kama alivyojieleza, asigombane na mtu.

Ubishi wao ulikuwa wa haki. Kiswahili hakimruhusu mfasiri kujificha hapo. Ukisema mtu anakuja, umejiweka mahali anapofikia. Ukisema anakwenda, uko mahali anapotoka, au angalau hauko kule aendako. Walioandika "kuja" walifuata neno lililo kwenye bango la filamu. Walioandika "kwenda" waliifuata filamu yenyewe, ambayo inaanzia kwenye kitanda cha mwanamfalme wa Zamunda na kutupeleka Queens tukiwa tumekaa begani pake. Nilikuwa karibu kufunga mjadala pale mwanafunzi mmoja wa kike aliponyosha mkono akauliza, "Mwalimu, na ile ya pili je? Ile nayo ni kuja au ni kwenda?"

Sikuwa na jibu. Kwa hiyo tuliazima projekta ya idara, tukatazama filamu zote mbili Ijumaa mbili mfululizo, na makala haya yametokana na mabishano yaliyofuata. Swali linaloulizwa kila mahali kuhusu filamu hizi ni kama mwendelezo umeifikia ya kwanza. Naungana na wanaosema haujaifikia. Lakini sababu zinazotajwa mara nyingi, kwamba vichekesho ni vya zamani, kwamba waigizaji wamezeeka, kwangu hazina uzito. Wazee wanaweza kuchekesha sana. Tatizo liko katika lile swali la kuja na kwenda.

Kwa wasiozikumbuka, nitaeleza kwa ufupi. Coming to America ilitoka Juni 1988 ikiongozwa na John Landis. Eddie Murphy ni Akeem, mwanamfalme wa nchi ya kubuni iitwayo Zamunda, ambaye anapotimiza miaka 21 anamkataa mke aliyechaguliwa na wazazi wake. Anafunga safari na mwandani wake Semmi (Arsenio Hall) kutafuta mwanamke mwenye akili zake mwenyewe. Wanakwenda New York, katika eneo la Queens, kwa hoja kwamba malkia sharti apatikane mahali paitwapo Malkia. (Hapa mfasiri na ashike kichwa.) Huko Akeem anajifanya mchunga mbuzi maskini, anapiga deki katika mkahawa wa vyakula vya haraka, na kumpenda Lisa, binti wa mwenye mkahawa. Mwendelezo, Coming 2 America, uliongozwa na Craig Brewer na kutoka tarehe 5 Machi 2021 kupitia huduma ya Prime Video, wakati kumbi nyingi za sinema zilikuwa bado zimefungwa kwa sababu ya korona. Miaka 33 imepita. Akeem na Lisa wana mabinti watatu, sheria ya Zamunda inadai mrithi wa kiume, na inagundulika kwamba Akeem ana mwana huko Queens, Lavelle, ambaye hakujua kama amezaliwa. Anafuatwa, analetwa Zamunda pamoja na mama yake, na kufundishwa ufalme.

Mimi niliiona ya kwanza katika miaka ya tisini, katika kibanda cha video, tukiwa tumebanana kwenye mabenchi ya mbao, na mfasiri wetu, yule tuliyezoea kumwita VJ, akitusimulia kwa Kiganda juu ya sauti za waigizaji. Akeem kwake alikuwa "omulangira". Nakumbuka kwamba hatukucheka pale ambapo nilikuja kugundua baadaye kuwa Wamarekani hucheka. Zamunda, pamoja na tembo wake wanaotembea bustanini, tuliitazama kimya kama hadithi ya bibi. Kicheko kilianza ndege ilipotua. Mizigo ya mwanamfalme inaporwa kabla hata hajapanda ngazi za jengo, na kisha anaiona mitaani, imevaliwa na watu. Kibanda kizima kilianguka. Mwenye nyumba anawaonyesha chumba ambacho bado kina alama ya chaki ya maiti sakafuni, na Akeem anafurahi kwa kuwa hakika ni chumba cha kimaskini. VJ alilazimika kusimamisha kanda ili tunyamaze. Tulikuwa tukiicheka Marekani, na aliyetupa ruhusa ya kuicheka ni Mwafrika aliyekuwa na adabu kuliko wote walio pale.

Hiyo ndiyo tashtiti. Katika madarasa yetu tumezoea kuifafanua kama kicheko chenye shabaha, tofauti na mzaha, ambao unaweza kurushwa hewani tu. Na shabaha ya filamu ya kwanza haijifichi. Chukua tukio la Darryl, mchumba wa Lisa, kijana mrithi wa biashara ya baba yake ya mafuta ya nywele, ambaye kila anapoegemea huacha alama ya mafuta hayo. Wakiwa kwenye mchezo wa mpira wa kikapu, anamuuliza Akeem maswali ya dharau, pamoja na kama kuvaa nguo si jambo geni kwake. Akeem anamjibu kwa upole. Sisi watazamaji tunajua kwamba huyu anayeulizwa kuhusu nguo ana watu wa kumvalisha, na kwamba kule kwao hutembea juu ya maua yaliyomwagwa njiani. Hiki ni kinaya cha kiwango cha kufundishia: mhusika mmoja hajui, mwingine anajua na ananyamaza, na hadhira inajua yote mawili. Hakuna hotuba. Hakuna anayesimama kutuambia kwamba Waafrika wanadharauliwa. Darryl anajianika mwenyewe, mafuta yake yakimtiririka.

Na si Darryl peke yake. Baba wa Lisa, Cleo McDowell, aliyeigizwa na John Amos, amefungua mkahawa unaofanana na mkahawa mwingine maarufu katika kila kitu, kisha anaapa kwamba havifanani. Anamtazama mchunga mbuzi kwa jicho la juu. Siku anapogundua kwamba mchunga mbuzi ana ufalme, uso wake unayeyuka mara moja. Nilipoitazama nikiwa mtu mzima niliona jambo ambalo kibandani halikunifikia: McDowell si mtu mbaya. Ni Mmarekani mweusi aliyejenga biashara kwa jasho lake katika nchi isiyompa nafasi, naye anataka binti yake asirudi kwenye umaskini. Filamu inamcheka na kumpenda kwa wakati mmoja. Ndiyo maana anachekesha hadi leo.

Kwa sisi walimu wa lugha kuna kipengele kingine, na naomba radhi kwa kukikalia kidogo. Kiingereza cha Akeem ni cha kitabuni. Anazungumza sentensi kamili, hana mkato, hana hata neno moja la mtaani. Asubuhi ya kwanza anatoka kwenye ngazi za nje za jengo na kuwaamkua majirani wote kwa sauti. Anajibiwa kwa tusi zito. Naye, kwa furaha ya mwanafunzi aliyepata jibu kutoka kwa mzungumzaji mzawa, analirudisha tusi lile lile kama salamu. Sijapata kuona picha bora zaidi ya siku ya kwanza ya mwanafunzi wa lugha ya kigeni uwanjani. Wanafunzi wetu wanaokwenda Nairobi au Dar es Salaam kwa mazoezi ya lugha wanalijua jambo hili. Mmoja alinisimulia jinsi alivyopanda matatu akauliza, "Ndugu kondakta, waweza kunifahamisha nauli?" Makanga akageukia abiria akasema, "Leo tumebeba Biblia." Gari zima likacheka. Yeye naye alicheka, ila alipofika chumbani, alisema, alikaa muda mrefu bila kumpigia mtu simu.

Filamu ya kwanza inaelewa kwamba mtu huyu si mjinga. Lugha yake rasmi ni vazi la heshima katika mahali pasipo na heshima hiyo, na taratibu tunaona kuwa ni Queens inayokosa kitu. Lisa anampenda, pamoja na mambo mengine, kwa sababu anasema na watu vizuri.

Sasa tuje kwenye mwendelezo. Hapa mgeni ni Lavelle, mtoto wa Queens, naye ndiye anayekwenda mahali pa ajabu na kushangaa. Jicho limehama. Sasa tumekaa begani pa Mmarekani, na kinachoshangaza ni Afrika: mavazi yake, mila zake, simba ambaye mwanamfalme sharti amkate sharubu, jando analotishiwa. Hakuna dhambi katika kuhamisha jicho. Ingewezekana kabisa kutunga tashtiti kali ya kijana wa Queens anayefika katika ikulu ya Kiafrika na kuona yale ambayo wenyeji wameyazoea: watumishi wasiohesabika, wakubwa wanaosifiwa mchana na usiku, mali ambayo hakuna anayeuliza imetoka wapi. Filamu inakaribia kufanya hivyo, kisha inasita. Inaogopa, na naielewa hofu yake. Mwaka 2021 Mmarekani anayeicheka Afrika anajua atakosolewa. Kwa hiyo kila baada ya kichekesho filamu inakimbilia kusifu. Zamunda ni nzuri, mavazi ni mazuri (na kweli ni mazuri, ni kazi ya Ruth E. Carter), muziki ni mzuri, Davido mwenyewe yupo anatumbuiza. Inatabasamu mno hata ikakosa nguvu ya kuuma. Hata daraja lake la watazamaji ni jingine: ya kwanza ilikuwa ya watu wazima, ya pili imelegezwa ili familia nzima ikae pamoja.

Mfano unaoniudhi zaidi ni Imani. Katika filamu ya kwanza yeye ndiye mchumba aliyeandaliwa. Akeem anamvuta kando na kumuuliza anapenda nini. Anajibu kwamba anapenda anachopenda yeye. Muziki gani? Wowote aupendao yeye. Chakula je? Vivyo hivyo. Basi Akeem, kwa kukata tamaa, anamwamuru aruke kwa mguu mmoja na abweke kama mbwa, naye anatii. Tukio hili linachekesha na linatisha. Shabaha yake ni ikulu iliyomlea binadamu miaka yote hiyo ili asiwe na neno lake. Akeem mwenyewe anaogopa anachokiona, na ndiyo sababu anaondoka. Katika mwendelezo, miaka zaidi ya 30 baadaye, Imani yupo, na bado anaruka kwa mguu mmoja, bado anabweka. Kichekesho ni kwamba hakuna aliyemwambia aache. Watazamaji wengi walicheka, na nakiri kwamba nami nilicheka kwa sekunde mbili. Kisha nikajiuliza ninamcheka nani. Mara ya kwanza tuliicheka amri. Mara ya pili tunamcheka aliyeamriwa. Tukio ni lile lile, mwigizaji ni yule yule, ila shabaha imegeuzwa, na sina hakika kama watunzi walitambua.

Vivyo hivyo kuhusu kuzaliwa kwa Lavelle. Ili mwana huyu apatikane, filamu inatuambia kwamba usiku mmoja wa mwaka 1988 Akeem alileweshwa na Mary, na hakuwa na fahamu zake. Linasimuliwa kama jambo la kuchekesha. Wanafunzi wangu wa kiume walicheka. Wale wa kike walinyamaza, na mmoja akauliza kama tungecheka iwapo aliyeleweshwa angekuwa mwanamke. Tuliendelea na kipindi kwa sababu hapakuwa na la kujibu.

Nisionekane kuwa ninaiponda tu. Ina mambo mawili au matatu yanayoikaribia ya kwanza. Wazee wa kinyozi, ambao wengi wao ni Murphy na Hall wenyewe chini ya vipodozi, bado ni moto. Wanapomwona Akeem na Semmi wamerudi wanawapokea kwa majina ya utani ya njaa, magonjwa na almasi za damu, yaani kila kichwa cha habari ambacho Marekani imewahi kusoma kuhusu Afrika. Hapo shabaha imerudi mahali pake. Pia kuna mahojiano ya kazi ambapo Lavelle anahojiwa kwa dharau na kijana mwenye ofisi kubwa kwa sababu tu ni wa familia ya wenye ofisi. Hao ni ukoo wa Duke, wale wazee wawili matajiri wa filamu ya Landis ya 1983, Trading Places, ambao Akeem aliwakuta wakiomba barabarani mwaka 1988. Fikiria kilichowezekana hapa: kijana mmoja amerithi kampuni ya Marekani, mwingine anakaribia kurithi ufalme wa Afrika, na hakuna hata mmoja aliyefanya kazi. Ungekuwa mlinganisho mkali. Filamu inauweka mezani na kuondoka bila kuugusa.

Na kuna mazishi ya Mfalme Jaffe. James Earl Jones, aliyefariki mwaka 2024, anaigiza mfalme anayetaka mazishi yake yafanyike akiwa hai ili asikie atakavyosifiwa. Wanaletwa waimbaji wakubwa wa Marekani, Morgan Freeman anatoa tanzia, mfalme anasikiliza kwa kuridhika, kisha anakufa. Yeyote aliyewahi kukaa chini ya hema katika mazishi ya mkubwa, akisikiliza hotuba ya saba, anajua kwamba hili si chuku kubwa sana. Nililitazama nikifikiria pia kuhusu Madge Sinclair, aliyekuwa malkia katika filamu ya kwanza na kufariki mwaka 1995. Yeye na Jones ndio hao hao waliotoa sauti za Sarabi na Mufasa katika The Lion King ya 1994, kwa hiyo watoto wengi waliosikia jina la Kiswahili sarabi, yaani mazigazi, wamelisikia likiwa la mhusika aliyepewa sauti na malkia wa Zamunda. Sina hoja hapa. Nimelipenda tu.

Majina nayo yalitupa mazungumzo. Katika mwendelezo, msichana anayempenda Lavelle, mhudumu wa nywele wa ikulu, anaitwa Mirembe, na darasa lilipolisikia lilipiga makofi, kwa kuwa ni neno la Kiganda lenye maana ya amani. Anaigizwa na Nomzamo Mbatha wa Afrika Kusini. Binti mdogo wa mfalme ana jina la Kishona, Tinashe. Mganga anaitwa Baba, neno ambalo Mswahili na Mnigeria wote watalidai. Zamunda imekuwa kapu ambamo kila mtu anatumbukiza alichonacho. Wanafunzi waligawanyika: wengine waliona ni heshima, kwamba sasa angalau majina yana maana halisi, wengine wakaona ni ule ule uzoefu wa kuliona bara zima kama nchi moja. Mimi nina kigugumizi. Filamu ya kwanza haikuwa bora katika hili. Zamunda yake haikuwa na lugha kabisa, na wanawake wa kumwogesha mwanamfalme hawakuwa na majina. Yote ilikuwa ndoto ya Mmarekani. Lakini ilikuwa ndoto iliyotumika kama jiwe la kuinolea kisu, na kisu kilielekezwa kwingine.

Nifike kwenye hoja iliyonishinda darasani, kwa sababu si haki kuificha. Yule mwanafunzi aliyeuliza swali la kwanza aliitetea filamu ya pili kwa maneno haya, nayaweka kama nilivyoyakumbuka: "Mwalimu, ile ya kwanza inamsifu mwanamume anayetafuta mke mwenye akili. Baada ya kumpata, akili hiyo inafanya kazi gani? Hatuambiwi. Ya pili inauliza kuhusu mabinti. Kwangu hilo ni kubwa kuliko mafuta ya Darryl."

Ana haki. Meeka, binti wa kwanza wa Akeem, amejiandaa maisha yake yote kutawala, anaijua nchi na anajua kupigana, kisha anapita mbele yake kijana aliyeshuka jana kwenye ndege, kwa sababu ya jinsia yake tu. Mirembe hawezi kuwa na kinyozi chake kwa kuwa mwanamke wa Zamunda haruhusiwi kumiliki biashara. Na Akeem, yule yule aliyeikimbia amri ya baba yake, sasa ndiye anayeitoa. Malkia Lisa anamwambia hivyo ana kwa ana. Hili ni wazo bora kuliko lolote lililo katika filamu ya kwanza. Mtu aliyeshinda vita vya ujana wake na kugeuka kuwa yule aliyempiga vita, hilo tunaliona majumbani, maofisini na ikulu za kweli.

Ndiyo maana najuta zaidi. Hapa Uganda neno omusika, mrithi, lina uzito ambao hauhitaji kuelezwa. Mahakama ya Katiba ilibatilisha baadhi ya vifungu vya sheria ya urithi vilivyowabagua wanawake mwaka 2007, na ni mpaka 2022 ndipo marekebisho ya sheria hiyo yalipokamilika. Miaka 15. Katika muda huo ni mabinti wangapi wamekaa msibani wakisikiliza mjomba akimtangaza kaka yao mdogo? Baadhi yao wako katika darasa langu. Filamu iliyo na kisa hicho mkononi, na mcheshi kama Murphy wa kukiigiza, ingeweza kutufanya tumcheke Akeem hadi atokwe jasho. Badala yake Akeem anatafakari, anahuzunika kidogo, anabadilisha sheria karibu na mwisho, watu wanacheza ngoma. Hakuna mjomba anayepinga. Hakuna mzee wa baraza anayepoteza kitu. Mfalme ndiye mwenye kosa na mfalme ndiye anayepewa sifa za kulirekebisha. Tashtiti inapomwogopa mkubwa wake hubaki kuwa sherehe, na hiyo ndiyo tofauti niliyojaribu kumweleza mwanafunzi wangu. Hakukubali. Alisema afadhali sherehe ambayo Meeka anapata kiti kuliko kejeli nzuri ambayo ndani yake hakuwepo. Nimeandika maneno yake ubaoni na bado hayajafutwa.

Kuna mahali ambapo mwendelezo wenyewe unaonekana kulijua tatizo lake. Mirembe na Lavelle wanazungumza kuhusu sinema za Marekani, na linatoka lalamiko kwamba siku hizi ni marudio na miendelezo ambayo hakuna aliyeiomba. Kitu kikiwa kizuri, kwa nini kuharibiwa? Watazamaji hucheka, kwa kuwa filamu inajisema yenyewe. Wengi wamelisifu tukio hili kama ujasiri. Mimi naliona kama mtu anayekuja kwenye harusi amechelewa, akatania kuhusu kuchelewa kwake ili asiulizwe alikuwa wapi. Utani wa namna hiyo haumgharimu chochote.

Kuhusu uigizaji nitasema machache. Wesley Snipes, kama Jenerali Izzi, kaka yake Imani na mtawala wa nchi jirani, anaingia akitembea kwa mwendo wa ngoma na askari wake nyuma yake, na kila anapokuwepo filamu inaamka. Jermaine Fowler ni kijana mwema, naye ndiye udhaifu: Lavelle ni mhusika bapa, hakosei kwa namna inayovutia. Leslie Jones kama mama yake anafanya kazi ya watu watatu. Murphy kama Akeem amekuwa mpole kupita kiasi. Nadhani uchangamfu wake wote ameuacha kwa wale wazee wa kinyozi.

Kwa mwalimu anayefikiria kuzitumia darasani, nashauri zote mbili zitumike pamoja, na ya pili isikatwe. Wanafunzi walijifunza zaidi kuhusu tashtiti kutokana na mahali iliposhindwa kuliko pale ilipofaulu. Mwoneshe Imani wa 1988 kisha Imani wa 2021, halafu uulize swali moja tu: nani anachekwa? Sisi tulitumia saa mbili. Tahadhari kwamba ya kwanza ina maneno makali na picha za utupu, kwa hiyo haifai shule za sekondari bila kuchaguliwa vipande.

Lile swali la kuja na kwenda tulilirudia Ijumaa ya mwisho. Jina la filamu ya pili linasema Marekani, lakini safari yenye uzito ni ya kutoka Marekani. Kura zilipigwa. "Kuja Zamunda" ilipata kura tisa, "Kwenda Marekani Tena" ikapata mbili, na "Marekani Yaja Zamunda", iliyopendekezwa na yule wa nyuma kabisa asiyependa ugomvi, ikapata zilizobaki, naye akaonekana kushtuka.

Limebaki jambo moja ambalo hatukuliweza. Nchi ya Jenerali Izzi inaitwa Nexdoria, jina lililochezwa kutokana na maneno ya Kiingereza yanayomaanisha mlango wa pili, yaani jirani. Tulijaribu "Jirania", ikaonekana kama jina la ugonjwa. Tulijaribu "Jiranistani", na hiyo nusu ya darasa waliipenda. Mwenye tafsiri bora zaidi aiandike kwenye karatasi na kuiacha katika kisanduku cha jarida, ofisi ya idara, kabla ya toleo lijalo.